Mwalimu Aliyejua Hela Inaingia Lini Mwaloni

Kuna lawama moja nimeisikia tangu nikiwa mdogo, na mpaka leo nikienda msibani au harusini Kirumba haichelewi kujitokeza: watoto wa Mwaloni ni watoro, na wazazi wao hawajali shule. Wanaosema hivyo ni watu wazima wenye akili zao, wengine walimu wastaafu. Mimi ni mtoto wa Mwaloni. Nilianza la kwanza mwaka 1994, nikamaliza la saba mwaka 2000, mwaka ule ule Mwanza ilipopandishwa kuwa jiji. Nusu ya kwanza ya lawama naikubali: utoro ulikuwepo, tena mwingi. Ila ulikuwa na ratiba. Mtu yeyote mwenye daftari la mahudhurio na tabia ya kutazama angani usiku angeiona. Katika walimu wote walionifundisha, mmoja tu ndiye aliyetazama.

Kwa asiyeijua Mwanza, Mwaloni ni soko la samaki la Kirumba, pale pale ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Dagaa waliokaushwa Ukerewe, Ukara, Kome, Goziba na visiwa vingine hushushwa hapo, hupimwa, hushindiliwa kwenye magunia na kupakiwa kwenye malori, mengine yakienda mpaka Kongo na Zambia. Baba yangu, Msukuma wa Kwimba aliyechoshwa na jembe la pamba, alikuwa mchukuzi. Analipwa kwa gunia analobeba kutoka kwenye boti hadi ghalani, na kutoka ghalani hadi kwenye lori. Mama ni Mkerewe, na kazi yake ilikuwa kupepeta. Siku akiwa na mtaji alinunua gunia lake mwenyewe na kuuza kwa sado, lile kopo la kupimia, barazani kwetu.

Sasa sikiliza jambo ambalo mtu wa Mwaloni haoni hata haja ya kulieleza, na mtu wa mlimani anaweza kuishi Mwanza maisha yake yote asilijue. Dagaa anavuliwa gizani. Wavuvi wanatoka jioni na karabai, wanaziwasha katikati ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga unakuwa umejaa ziwa zima, karabai haina cha kuvutia, dagaa wanatawanyika. Kwa hiyo kila mwezi, mbalamwezi ikikaribia kutimia na siku kadhaa baada ya hapo, wavuvi wanapumzika. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanakunywa. Giza likirudi, wanarudi majini. Toa tena siku mbili tatu za kuanika na siku ya safari ya boti, ndipo Mwaloni panachangamka: malori yamepanga foleni, mama lishe wanapika sufuria mbili, baba anarudi nyumbani na nyama.

Hela yetu, basi, ilipanda na kushuka kwa mwezi wa angani, ule ambao watoto wa madrasa walikuwa wakiuhesabu. Jirani zetu Waislamu ukimwuliza mtoto wao leo mwezi ngapi anakujibu bila kuinua shingo, na wachukuzi wengi wasio Waislamu walikuwa wakimwuliza yeye. Shule ilikuwa na kalenda nyingine, ile ya ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu, yenye picha ya twiga.

Shule yenyewe sitaitaja. Madarasa hayakututosha, tukawa tunasoma kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini na kugongwa kwa nondo. Nyuma ya vyoo ulianza mlima wa mawe, yale mawe makubwa ya Mwanza yaliyokaa juu ya mengine kana kwamba yanangoja kusukumwa, na juu yake walikaa mijusi, madume yenye vichwa vyekundu na mikia ya bluu, wakitupigia pushapu. Wavulana waliwapopoa kwa manati. Mwalimu wa sayansi aliyewahi kutusimamisha tukawaangalia kwa utulivu badala ya kuwapopoa simkumbuki, na nadhani hakuwepo. Asubuhi mchakamchaka, tukizunguka mtaa tukimtukana Idi Amin, mtu aliyekimbia nchi yake kabla wengi wetu hatujazaliwa. Halafu usafi, halafu mstarini.

Mstarini ndipo siku yetu ilipoamuliwa.

"Ambao hawajatoa mchango wa dawati, upande huu. Ambao hawajatoa ada ya UPE, upande ule. Wa mlinzi, mbele. Haya, kafuateni michango, na msirudi mikono mitupu."

UPE ndio ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na ulikuwa na ada yake. Walikuwepo waliosimama upande mmoja, waliosimama pande mbili, na mimi na wenzangu ambao tungekuwa na miguu zaidi tungesimama pande zote tatu. Waliobaki mstarini wengi wao walikuwa watoto wa kiwandani. Baba zao walipanda daladala kwenda kwenye viwanda vya minofu ya sangara, wakavaa gambuti nyeupe na kofia za kufunika nywele, na Jumamosi wakalipwa. Kibarua tu, ujira mdogo, lakini ulikuja Jumamosi, na Jumamosi haina mbalamwezi. Mama wa mtoto wa kiwandani aliweza kusema "Mwalimu, Jumatatu," na Jumatatu ikawa kweli. Mama yangu alisema "Mwalimu, giza likiingia," na mwalimu akadhani ni dharau.

Unafukuzwa mchango saa mbili asubuhi. Utaenda wapi? Nyumbani hakuna mtu. Unakwenda Mwaloni, unamkuta mama amekaa na ungo mtupu, anakuangalia, na wote mnajua hakuna. Ukirudi shuleni bila hela unachapwa kwa kurudi bila hela. Basi hurudi. Siku ya kwanza unakaa kwa aibu, ya pili unaanza kuzoea, ya tatu kuna mtu anakutuma kuteka maji kwa ujira wa andazi, na kufika wiki unakuwa mtoro kamili aliyeandikwa kwa wino mwekundu. Boti zikianza kushuka ndipo mama anakupa noti iliyokunjwa mara nne na unarejea, huku wenzako wameshamaliza sehemu na wako kwenye desimali. Ilichukua muda mrefu ukubwani kwangu kutambua kwamba yale niliyokuwa nikiyaita "mada ngumu" yalikuwa, karibu yote, yale yaliyofundishwa mwezi ukiwa mpevu.

Na giza nalo lilikuwa na utoro wake, wa aina nyingine. Kazi ikijaa, mikono ya mtoto inahitajika. Dagaa wa kuanikwa mchangani anakuja na mchanga wake. Unamwaga gunia kwenye turubai, unachota kwa ungo, unarusha juu kidogo na kudaka, upepo wa ziwani unachukua vumbi na magamba. Kisha unauinamisha ungo na kuugonga ubavuni kwa kiganja, taratibu, mchanga unateremka ukingoni, dagaa wanabaki nyuma. Hapo ndipo vidole vinaingia: kuokota vikonokono vyeupe vidogo, vijiti, manyoya ya ndege, na vichwa vilivyokatika tulivyoviita chenga. Chenga hazitupwi, wafuga kuku wanazitaka. Dagaa mkavu ana makali. Ncha za vidole zinachubuka, na ukishika kalamu mchana unaisikia. Harufu yake haitoki kwa sabuni ya mche. Tulijipaka limao, tukajisugua na majani ya mpera, tukafika darasani tukinuka dagaa, limao na mpera. Mimi jina langu likawa Chenga. Wapo watu wazima wenye vitambi leo pale mjini wasiolijua jina langu la ubatizo, lakini Chenga wanaijua.

Nisiseme kila utoro ulikuwa wa njaa. Simba au Yanga wakija kucheza na Pamba au Toto Africans uwanja wa CCM Kirumba, zamu ya mchana ilikuwa inakonda yenyewe. Hatukuwa na kiingilio. Tulisubiri nje ukutani, tukisikiliza kelele na kubahatisha nani kafunga, mpaka dakika za mwisho mageti yalipoachiwa, ile fungulia mbwa, tukamiminika ndani kuona kona moja, faulo moja na watu wakitoka. Kesho yake viboko vilikuwa halali yetu, na hatukulalamika.

Kitu kimoja cha mbalamwezi nilikipenda. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mwenye mtumbwi. Wavuvi wake wakipumzika, karabai zote zilirudi nyumbani kwake kufanyiwa matengenezo: kusafisha kioo, kuzibua sindano, kubadilisha kile kitambaa kinachowaka ndani. Usiku alizijaribu uani, akipiga pampu mpaka mwanga unageuka mweupe na kuanza kuunguruma. Kwetu tulisomea kibatari, ambacho asubuhi kinakuachia masizi puani. Kwa hiyo ikifika jioni watoto wa mtaa mzima tulikwenda na madaftari kwa yule baba, tukakaa kwenye mkeka. Yeye aliyeishia darasa la nne alikuwa akitupita kwa nyuma na kuuliza, "Hapo umeandika nini?" Ukimsomea anaguna, kama anayekagua wavu. Usiku tunasoma kwenye mwanga ambao hata shule haikuwa nao, asubuhi tunafukuzwa.

Mwaka 1996 nilikuwa la tatu. Tarehe 21 Mei asubuhi meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba, ilipinduka na kuzama ikiwa imebaki kidogo sana kufika Mwanza. Watu zaidi ya 800 walipotea. Sina la kuongeza kwenye yaliyokwisha kusemwa kuhusu siku zile, uwanja wa Nyamagana ilikopelekwa miili na makaburi ya Igoma walikozikwa wengi. Nitasema tu la mtaani kwetu: watu waliacha kula samaki. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyekataza. Mama akakaa na gunia zima la dagaa safi barazani na hakuna aliyesimama hata kuuliza bei. Kwenye lile darasa kulikuwa na watoto wa Kihaya waliofiwa, na shule ikaonyesha utu kwao, michango yao ikasamehewa muhula ule. Wa Mwaloni tukaendelea kupangwa upande huu na upande ule. Sidhani kama ulikuwa ukatili. Hakuna mtu aliyeunganisha meli na ungo.

Mwishoni mwa 1997 ikaja mvua ya El Niño, ikanyesha hadi mwaka uliofuata. Dagaa akinyeshewa kabla hajakauka anaoza, anakuwa mwekundu, anauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Hapo giza na mbalamwezi zikawa sawa.

Katika mvua ile ndipo alipokuja yeye.

Alihamishiwa kwetu kutoka Singida, mgeni kabisa wa ziwa. Alipanga chumba uani kwa jirani yetu, akapewa la tano, darasa letu. Alikuwa mkali, sitaki mtu adhani naandika habari za malaika. Fimbo yake ilikuwa ya mpera na aliijua kazi yake. Lakini alikuwa mtu wa kuuliza, na alikuwa akinunua dagaa kwa mama. Nilikuwepo jioni ile, nimeshika kibatari.

"Mama, wiki iliyopita sado ulinipa bei nyingine. Leo imepanda hivi, kuna nini?"

"Mbalamwezi, Mwalimu. Wavuvi wamelala."

"Wamelala mpaka lini?"

"Mpaka mwezi uanze kuchelewa kutoka. Wakiingia majini, uhesabu siku za kuanika, halafu boti zije."

"Na baba yao anabeba nini siku hizi?"

"Anabeba mikono yake, Mwalimu."

Hakucheka. Akalipa, akaondoka. Kesho yake wakati wa mapumziko nilipeleka madaftari ofisini nikamkuta amefungua daftari la mahudhurio la mwaka mzima uliopita, lililoandikwa na mwenzake aliyemtangulia, na pembeni ameweka kalenda ndogo ya mfukoni, ile inayoonyesha mwezi mpevu kwa kiduara cheupe na mwezi mwandamo kwa kiduara cheusi. Anapitisha kidole kwenye wino mwekundu, anageuka kwenye kalenda, anarudi. Alipogundua nimesimama akanifukuza.

Baada ya hapo hatukufukuzwa tena mchango katika darasa lake. Mchango ulibaki pale pale, kiasi kile kile. Hakuwa na uwezo wa kuufuta. Alichofanya ni kuchukua orodha yetu toka kwa mwalimu wa zamu na kusema ya la tano atakusanya mwenyewe. Akawa anangoja. Boti zikianza kushuka, Ijumaa yake anatangaza: "Kesho nakuja Mwaloni." Jumamosi asubuhi anapita na daftari chini ya kwapa, kanga begani, katikati ya makuli na madalali, anasimama mbele ya kila mzazi. Nani atamnyima mwalimu aliyekuja mwenyewe, siku ambayo hela iko mfukoni na mashahidi wako pembeni? Wachukuzi wenzake baba walimtania, "Leo umekamatwa." Baba alitoa. Mama alitoa. Hata wale walevi wa kudumu walitoa, maana aliwahi kabla ya saa ya kilabu.

Muhula ulipofungwa, darasa letu, lenye watoto wengi wa Mwaloni kuliko jingine lolote, lilikuwa ndilo lililomaliza michango. Mwalimu mkuu alilitaja mstarini kama mfano na akasema siri yake ni nidhamu. Mwalimu wetu alikuwa amesimama nyuma yetu, na nakumbuka alikohoa.

Yupo bado mtu atakayesema alikuwa akitusaidia kulipa kisichopaswa kulipwa, na atakuwa na haki. Ada ile ilifutwa shule za msingi kuanzia 2002, madarasa yakafurika watoto waliokuwa wakikaa nyumbani, jambo linaloonyesha ni wangapi ilikuwa imewazuia. Mimi nilikuwa nimeshamaliza. Lakini mtoto wa la tano mwaka 1998 hangeweza kungoja sera, na yeye alilijua hilo. Alifanya lililokuwa ndani ya uwezo wa mwalimu wa darasa.

Tena aliugeuza ujuzi ule kuwa somo. Kitabu cha hesabu kilikuwa na mafumbo ya watu wanaonunua maembe na kugawana. Yeye aliandika ubaoni: debe moja ni lita 20, sado moja ni lita 4, debe lina sado ngapi? Watoto wa kiwandani wakajibu kwa sauti, "Tano!" Sisi tukajibu kwa sauti kubwa zaidi, "Nne!" Akatuambia tukae kimya, akamwita rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, mtoto ambaye mama yake naye alikuwa akipepeta, aeleze nne ameitoa wapi. Akasema, "Mwalimu, sado haipimwi hivyo. Inajazwa, halafu unaizungushia viganja juu, unajaza tena mpaka ipate kilima."

Mwalimu akatutuma tukalete debe, sado na dagaa kwa mama. Tukatoka nje chini ya mwarobaini. Akapima mara ya kwanza kwa kukata usawa wa mdomo wa kopo na rula ya ubaoni: tano. Akapima mara ya pili kwa kilima, rafiki yangu akizungusha viganja kama mzoefu: nne, na chenga za kubaki kwenye debe. Darasa likapiga kelele mpaka walimu wengine wakachungulia madirishani.

"Kwenye mtihani mtaandika tano," akasema. "Mkienda kununua, mdai kilima. Na wewe," akamgeukia rafiki yangu, "nichoree hicho kilima nijue ni lita ngapi."

Tulikaa na kile kilima wiki nzima. Hapo ndipo nilipoelewa sehemu, zile zilizokuwa zimenipita.

Mwaka 1999, tukiwa la sita, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu ya habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vya minofu vilikosa mnunuzi wake mkubwa. Vibarua ndio walioambiwa kwanza wasije. Sangara aliyekuwa akipelekwa Ulaya akawa anauzwa mitaani kwa bei ambayo hata sisi tuliimudu; kabla ya hapo wengi mtaani kwetu tuliishia kwenye mapanki, ile mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu kukatwa. Kwa mara ya kwanza watoto wa kiwandani wakasimama upande huu na upande ule. Wao hawakuwa na utaratibu wowote wa kukosa. Sisi tulijua njaa yetu inaisha lini, tukaweza hata kuikopea: muuza duka wa mtaani alikuwa na daftari la "mpaka giza". Wao hawakujua kama kiwanda kitafunguliwa wiki ijayo au mwakani. Kuna msichana mmoja, baba yake alikuwa msimamizi wa zamu kiwandani, ambaye alikuja barazani kwetu kumwomba mama amfundishe kupepeta. Yeye ndiye aliyekuwa ameniita Chenga mara ya kwanza. Mama alimpa ungo. Alikuwa anarusha juu mno, nusu ya dagaa wanaishia mchangani, na mama anamwambia, "Polepole mwanangu, hawa hawana mabawa."

Mwalimu wetu alihamishwa mwaka huo huo, mume wake alipopata kazi mkoa mwingine. La saba tulifundishwa na mtu mwingine, kufukuzwa mchango kukarudi mstarini. Matokeo yalipobandikwa, waliochaguliwa kwenda sekondari katika mikondo yote ungeweza kuwahesabu kwa vidole. Shule za kata, zile sekondari za kila kata, zilikuwa bado hazijaja. Mimi nilikuwemo. Rafiki yangu wa kilima hakuwemo. Kwenye hesabu alikuwa akinizidi, naandika hili bila unyenyekevu wa bandia, lakini la saba yote alikuwa na deni la dawati na mahudhurio mabovu. Cheti chake cha kumaliza darasa la saba kikazuiliwa mpaka alipe. Hajakifuata hadi leo. Anasema samaki hawaombi cheti.

Sasa ana mitumbwi yake. Karabai zimepungua, wavuvi wengi wamehamia taa za betri na sola, lakini mbalamwezi ni ile ile, taa ya sola haishindani nayo. Watoto wake wawili wanasoma pale pale tuliposoma, na wazazi wenzake wamemchagua kuingia kamati ya shule. Ada hakuna, tangu Januari 2016 elimu ni bila malipo, na kufukuza mtoto kwa ajili ya mchango kumekatazwa. Kilichobaki ni uji na chakula cha mchana, ambavyo wazazi wanakubaliana wenyewe kuchangia, na wanaoshindwa kuchangia wanajulikana.

Mwaka jana alisimama kwenye kikao akapendekeza tarehe za kuchangia uji zifuate giza. Akaeleza kila kitu, boti, siku za kuanika, mpaka habari za mwalimu wetu na kalenda yake ya mfukoni. Mama lishe wote wakamuunga mkono, maana wateja wao ni wachukuzi. Akasimama mzazi mmoja, mlinzi wa ghala: "Mimi nalipwa tarehe 30, mwezi uwe mkubwa uwe mdogo. Nikifika hiyo tarehe yenu ya giza nitakuwa nimeshamaliza." Wa bodaboda naye akasema yeye analipwa kila siku na kila siku anatumia, wamwekee hata Jumanne. Mwenye duka la dawa akataka kujua kama Mwislamu na Mkristo watakubaliana mwezi umeandama lini. Hapo kikao kilicheka muda mrefu.

Rafiki yangu akasema basi ziwekwe tarehe mbili, ya giza na ya mshahara, kila mzazi achague yake. Mwenyekiti akauliza itaandikwa wapi, kwa sababu daftari la michango lina safu mbili tu, muhula wa kwanza na muhula wa pili. Walibishania hilo la safu mpaka kengele ya zamu ya mchana. Mpaka naandika haya, uji unalipiwa kwa muhula.